Fahamu: Alan Bersin, kutoka ulinzi wa mipaka hadi utafiti wa chuo kikuu

Alan Bersin ni mwanasheria wa Marekani aliyeongoza Idara ya Forodha na Ulinzi wa Mipaka ya nchi hiyo, kisha akawa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Alipitia wapi?

Kuanzia 1993 alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu huko San Diego, jirani na Tijuana ya Mexico. Rais Barack Obama alimteua kuwa kamishna wa idara hiyo ya mipaka mwaka 2010, Seneti ikiwa mapumzikoni. Seneti haikumthibitisha, akajiuzulu mwishoni mwa 2011. Aliendelea kutumikia Wizara ya Usalama wa Ndani kabla ya kwenda Harvard.

Hoja yake ni ipi?

Bersin anasema mpaka si mstari wa ramani pekee. Ni pia mikondo ya watu, bidhaa, fedha na taarifa. Taarifa za kontena zikichambuliwa kabla halijapakiwa melini, mzigo wenye mashaka huzuiwa mbali na mpaka, nao mzigo safi haukwami bandarini. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa inaondoa dhana kwamba usalama lazima uiumize biashara.

Kwa nini ni muhimu?

Kiongozi wa namna hii huenda chuoni na uzoefu usiopatikana maktabani. Lakini pia huchambua sera alizozisimamia. Mfano ni Operesheni Gatekeeper, mpango wa kuzuia uvukaji wa mpaka bila kibali ulioanza San Diego mwaka 1994: ilipunguza uvukaji mjini, ikawasukuma wahamiaji kwenye milima na majangwa, ambako wengi walikufa. Utafiti wake unastahili kupimwa kwa ushahidi, si kwa vyeo alivyoshika.