Dabi ya Shinyanga yahamia kwenye kompyuta

WADAU wa soka Kanda ya Ziwa wanaijua njaa hii. Stand United walishuka Ligi Kuu mwaka 2019, Mwadui wakafuata 2021. Geita Gold walipanda mwaka huohuo, msimu wao wa kwanza George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, lakini nao wakashuka 2024. Tangu 2019, Stand na Mwadui hawajakutana tena Ligi Kuu. Dabi imebaki stori za kijiweni.

Sasa kama ligi haikuletei dabi, itengeneze mwenyewe. Kinachohitajika ni kompyuta yoyote, hata kuukuu, yenye lugha ya Python, ambayo ni ya bure. Ukishaiweka, gemu haili bando. Hakuna picha, ni maandishi tupu kwenye skrini.

Mchezo ni penalti, wachezaji wawili. Mmoja Stand, mwingine Mwadui. Mpigaji anabonyeza 1 kushoto, 2 katikati au 3 kulia. Kipa naye anachagua upande wa kuruka. Namba zikifanana, kipa kadaka. Zikitofautiana, goli! Kompyuta inaandika matokeo, wanabadilishana zamu.

Rahisi? Ngoja kwanza. Mpigaji akibonyeza 3 na kipa akaiona kwenye skrini, hapo hakuna mechi, kuna wizi. Python ina kifaa kinaitwa getpass, kile cha kuficha nywila. Kitumie kuficha namba. Bila hicho, ubishi utaua gemu siku ya kwanza.

Pili, mtu akikosea akabonyeza 7, programu imuulize tena, isimhesabie kakosa.

Tatu, sheria za uwanjani zifuatwe. Kila upande mikwaju mitano, lakini gemu lijue kusimama. Stand wakiongoza 3-0 baada ya mikwaju mitatu kila upande, imeisha, maana Mwadui wamebakiza miwili tu. Wakilingana baada ya mitano, ni moja moja mpaka mmoja afunge na mwenzake akose.

Wakichagua kwa kubahatisha, kipa atadaka moja kati ya tatu. Ukiona anadaka sana, ongeza pembe za juu. Chaguo zinakuwa tano, anabaki na moja kati ya tano.

Kijana akilimaliza hili, kajifunza masharti, marudio na kuhesabu alama, mambo ambayo programu kubwa nazo zinayatumia. Na dabi kairudisha, hata kama ni kwenye skrini.