Sekunde 33: Nani Anaisoma Kumbukumbu ya Bunduki ya Umeme?

Mashabiki wa Aston Villa wa zamani bado wanalikumbuka goli la Dalian Atkinson dhidi ya Wimbledon mwaka 1992. Liliteuliwa kuwa goli bora la msimu. Siku hizi jina lake linatajwa kwa jambo lingine: sekunde 33.

Usiku wa manane, tarehe 15 Agosti 2016, Atkinson alikuwa nje ya nyumba ya babake mjini Telford, Uingereza. Alikuwa na miaka 48, mgonjwa wa moyo na figo, na usiku huo akili yake ilikuwa imevurugika. Polisi wakaitwa. Mmoja wao, Benjamin Monk, akachomoa Taser.

Hebu kwanza tukielewe kifaa chenyewe. Taser hurusha vishale viwili vilivyounganishwa na nyaya nyembamba. Vikishika mwilini, umeme unapita, misuli inakakamaa na mtu anaanguka kama gogo. Ukifyatua mara moja na kuachilia, shoti hudumu sekunde 5. Ukikaza kidole, inaendelea tu.

Sasa kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui: mashine hii huweka kumbukumbu. Kila ikifyatuliwa, inahifadhi saa na muda wa shoti. Mara mbili za kwanza Atkinson hakuanguka. Mara ya tatu alianguka, na kumbukumbu ikaonyesha shoti ya sekunde 33. Kisha Monk akampiga mateke kichwani akiwa chini. Alama za kamba za kiatu zilionekana kwenye paji la uso wake. Atkinson akafa.

Basi, kama mashine inaandika yenyewe, chombo huru cha nini? Si wakubwa wa polisi wataisoma tu? Aah, wahenga walishatuonya juu ya kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Kumbukumbu haijipeleki mahakamani. Lazima mtu aichukue mapema, aisome, aulize kwa nini 33 badala ya 5, na mtu huyo asiwe mwenzake mshukiwa.

Uingereza na Wales, sheria inataka kila kifo kinachohusu polisi kipelekwe kwa chombo cha nje. Kwa sasa kinaitwa IOPC. Wapelelezi wake si askari wa kikosi kinachochunguzwa. Ushahidi waliokusanya ulimfikisha Monk kizimbani, na Juni 2021 akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Akafungwa miaka 8.

Kazi ya pili ya chombo kama hiki ni kuona kile ambacho kesi moja haiwezi kuonyesha. Agosti 2021, IOPC ilitoa ripoti juu ya kesi 101 za Taser ilizochunguza kati ya 2015 na 2020. Miongoni mwa watu weusi waliopigwa shoti, asilimia 60 walipigwa kwa zaidi ya sekunde 5 mfululizo. Kwa weupe ilikuwa asilimia 29. Wakuu wa polisi walilalamika kwamba kesi 101 ni chache mno ukilinganisha na matumizi yote. Hoja yao ina uzito. Lakini angalau walilazimika kubishana na namba hadharani, badala ya kuzifungia kabatini.

Tusijidanganye pia kwamba uhuru pekee unatosha. Toka kifo hadi hukumu ilikuwa karibu miaka mitano. Familia iliyosubiri muda huo wote haiwezi kuambiwa mfumo ulifanya kazi vizuri.

Hapa Kenya tuna IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na polisi wanatakiwa kuiarifu mtu akifa au akijeruhiwa vibaya mikononi mwao. Kwa hiyo msingi upo. Siku tukiambiwa bunduki za umeme ni afadhali kuliko risasi, tusikubali kubishana tu kama zinaua au haziui. Tuulize: kumbukumbu yake itachukuliwa na nani, baada ya saa ngapi, na sisi raia tutaiona lini? Kabla hatujajibiwa hayo, hiyo "afadhali" ni ya kuambiwa tu.