Kufuli Kuukuu Hadi Bangili: Linda Pesa Yako Unaponunua Brasi

Ile bangili ya njano uliyoiona kwenye duka la watalii huenda ilianza kama kufuli au mfereji uliovunjika. Hapa Kibera kuna mafundi wanaoyeyusha brasi kuukuu na kuimwaga kwenye kalibu za mchanga wanazojitengenezea. Kalibu haigharimu sana. Pesa nyingi huenda kwa mtu wa skrapu, na hapo ndipo simu yako inaingia.

Kalibu inatengenezwaje?

Fundi hujaza fremu mbili mchanga laini wenye udongo na unyevu kidogo. Hupaka mfano wa bangili unga wa makaa usinate, kisha huubana katikati ya fremu hizo. Akizifungua na kuutoa, umbo linabaki. Hukata njia ya kupitishia brasi, anafunga, anamwaga.

Chunga: brasi huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 900 za Selsiasi. Mchanga ukiwa na maji mengi, mvuke unaweza kukurushia brasi ya moto. Fanyia kazi hii nje, juu moshi wake hudhuru mapafu.

Kalibu ikiharibika, unavunja mchanga na kuanza upya.

Brasi ya wizi je?

Hapo hakuna kuanza upya. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka muuzaji awe na leseni. Januari 2022, serikali ilisimamisha biashara hii baada ya mitambo ya umeme kuharibiwa, ikairuhusu tena Mei. Polisi wakiuliza mzigo umetoka wapi, "nilinunua kwa jamaa fulani" haitakusaidia.

Kabla ya kulipa

- Uliza leseni, na uitishe risiti yenye uzito na aina ya mzigo.
- Lipa kwa till ya biashara. Soma jina kabla ya kuthibitisha malipo. Likiwa tofauti, simama uulize.
- Pima kwanza. Usitume pesa ya mzigo ambao hujauona.
- Usifute ujumbe wa malipo. Andika kodi yake kwenye risiti.

Ujumbe pekee hauthibitishi kwamba mzigo ni safi. Lakini ukiwa na risiti, unaonyesha ulimlipa nani, lini na pesa ngapi.

Na ukiuza bangili zako, mteja akikuonyesha ujumbe kwamba amelipa, angalia salio lako kwanza. PIN yako ni siri yako. Hata sisi hatutakuuliza.