Fedha za dhahabu na ada ya nje: mambo ya kupanga kabla mtoto hajasafiri

Hapa Nyarugusu fedha haziji kila mwisho wa mwezi. Zinakuja siku duara likitema, kisha zinaweza kukauka miezi mitatu. Ndiyo maana wazazi wanaotupigia simu studio kuhusu watoto wanaokwenda kusoma nje huuliza swali linalofanana: "Fedha ninazo, mbona naambiwa hazitoshi?"

Jibu ni kwamba nchi nyingi haziangalii kiasi peke yake. Zinaangalia pia fedha zimekaa wapi, kwa muda gani na zimetoka wapi.

Tuanze na Uingereza. Mwanafunzi kutoka Tanzania anayeomba viza huonyesha ada ya mwaka wa kwanza ambayo bado hajailipa, pamoja na fedha za kujikimu hadi miezi tisa. Fedha hizo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Ukiuza dhahabu Jumatatu ukapeleka maombi Ijumaa, hujatimiza sharti. Akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi au mlezi wa kisheria. Ikiwa ya mzazi, ambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi kukubali fedha zitumike. Akaunti ya baba mdogo haihesabiki, hata kama ndiye mwenye duara. Kama yeye ndiye anayesomesha, ahamishie fedha mapema kwenye akaunti ya mtoto.

Ujerumani wana njia nyingine. Mwanafunzi hufunguliwa akaunti maalumu iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango chake ni euro 11,904 kwa mwaka, na akishafika huko hatoi zaidi ya euro 992 kwa mwezi. Wapo wazazi wanaoona ni usumbufu. Sisi tunaona ni somo linalotufaa hata mtoto akienda India, China au Uganda: fedha zikipatikana kwa mkupuo, zitengewe akaunti yake, zitoke kidogo kidogo. Ukimtumia mtoto za mwaka mzima siku moja, wewe duara likikauka na yeye akizimaliza, hakuna wa kumwokoa mwenzake.

Jambo la tatu ni karatasi. Ukiingiza mamilioni benki kwa siku moja, utaulizwa yametoka wapi. Hapa soko la madini linakusaidia. Tangu masoko haya yaanzishwe mwaka 2019, anayeuza dhahabu humo anapata nyaraka za mauzo. Zitunze. Anayeuza kwa njia za panya anakwepa tozo, lakini siku ya kuulizwa hana cha kuonyesha.

Wakati wa kutuma, ada ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo kupitia benki. Hakikisha una jina kamili la mwenye akaunti, namba yake na SWIFT code ya benki ya chuo, na uandike namba ya mwanafunzi kwenye maelezo ya malipo. Uliza pia nani anabeba makato ya benki za katikati. Usipochagua kuyabeba wewe, ada inaweza kufika pungufu na chuo kikamdai mtoto. Kwa fedha za matumizi nchi jirani, simu inatosha: M-Pesa ya Tanzania na ya Kenya zinatumiana tangu 2015. Linganisha kiwango cha kubadilisha fedha, usiangalie ada ya kutuma tu.

Mwisho, zungumza na mtoto. Huko ugenini anaweza kufuatwa na mtu akimwomba apitishe fedha kwenye akaunti yake kwa malipo kidogo. Asikubali. Fedha zikiwa za wizi, mwenye akaunti ndiye anayeshikwa, na masomo yanaweza kuishia hapo.

Masharti na viwango hubadilika, hivyo hakikisha kwenye tovuti ya ubalozi au ya chuo kabla ya kulipa chochote. Kama chuo kinafungua Septemba, fedha za viza ziwe benki kufikia Mei. Dhahabu ikipatikana leo, safari ya benki ianze kesho, kabla ya kufikiria pikipiki mpya.