Seva Imechelewa Nusu Sekunde, Kuna Nini?

Wengi wetu kompyuta ikianza kusuasua, dawa ya kwanza ni kuizima na kuiwasha tena. Ikikaa sawa, yameisha. Nani atauliza ilikuwa nini? Andres Freund aliuliza. Mhandisi huyu wa Microsoft, anayefahamika zaidi kwa kazi yake kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya programu kwenye mashine yenye Linux ya Debian, toleo la majaribio. Vipimo vya aina hiyo hutaka mashine iliyotulia, na yake haikutulia. Sshd, programu inayopokea watu wanaoingia kwenye seva kutoka mbali, ilikuwa ikila prosesa kupita kiasi, hata pale aliyebisha hodi alipotaja jina lisilokuwepo na kufukuzwa papo hapo.

Akapima. Kuingia kulikokuwa kukichukua sekunde 0.3 sasa kulichukua 0.8. Angeweza kusema hayo ndiyo mambo ya matoleo ya majaribio, akaendelea na yake. Lakini alikumbuka kwamba wiki chache nyuma Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu, kilikuwa kimelalamika baada ya vifurushi kusasishwa. Akafuatilia, akakuta muda unapotelea ndani ya liblzma, maktaba ya xz, programu ya kubana mafaili. Na hapa ndipo penye utamu kwa anayependa kutatua matatizo ya Linux, maana sshd yenyewe haina haja na liblzma. Wakati huo Debian na Fedora ziliiongezea kiraka ili izungumze na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, na maktaba ya systemd ndiyo iliyoivuta liblzma. Asiyejua ukoo huo angehangaika na SSH mpaka kuche.

Tarehe 29 Machi 2024, Ijumaa Kuu, Freund alitangaza kwamba matoleo ya xz 5.6.0 na 5.6.1 yamepandikizwa mlango wa siri. Mwenye ufunguo maalumu angeweza kuendesha amri kwenye seva ya mtu bila nywila yoyote. Hila ilifichwa ndani ya mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio, na hatua ya kuiamsha iliwekwa kwenye kifurushi cha kupakuliwa tu, wala haikuwamo kwenye hazina ya msimbo ambako wakaguzi hutazama. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2024-3094 na alama 10 kati ya 10. Ulikuwa umeshaingia Debian ya majaribio, openSUSE Tumbleweed na Kali. Matoleo thabiti, yanayoendesha seva nyingi, yalinusurika.

Magazeti yalimpamba Freund, na alistahili. Kisha ukazuka ubishi: hawa wanasema programu huria zimeumbuka, wale wanasema zimejithibitisha kwa kuwa msimbo uko wazi kwa kila mtu. Mimi naona pande zote mbili zilikwepa sehemu iliyo nzito kuliko zote. Aliyejiita Jia Tan alianza kuleta viraka mwaka 2021, viraka vya kawaida kabisa. Mwaka 2022 majina yasiyofahamika yakaanza kumkaripia Lasse Collin wa Finland, aliyeitunza xz kwa miaka mingi: mbona unachelewa, mpe mwingine kazi. Collin alijibu hadharani kwamba afya yake ya akili imemlemea, na kwamba kazi hii haina malipo. Wakazidi kumsukuma. Baadaye Jia Tan akawa mtunzaji mwenza, na ndiye aliyetoa matoleo yale mawili yenye mlango wa siri. Virusi havikuhitajika hapo, wala nywila kuibwa. Yalitosha maneno makali kwa mtu aliyechoka. Na xz ilikuwamo karibu katika kila Linux, zikiwemo seva za kampuni tajiri kupindukia.

Jia Tan ni nani hasa, hakuna aliyejitokeza kumtaja kwa ushahidi.

Kwa hiyo mashine ikisuasua, kabla hujaizima endesha amri ya top uone nani anakula prosesa, kisha journalctl usome kilichoandikwa dakika hizo. Tatizo likiwa kwenye programu inayotunzwa na mtu mmoja wa kujitolea, usimwandikie kumkaripia. Mpelekee namba ya toleo, ujumbe wa kosa kama ulivyotokea, na hatua za kulirudia tatizo. Na kama kampuni yako inaingiza fedha kwa programu hiyo, mlipe.