Nobel ya Majani ya Ng'ombe

Tarehe 10 Desemba 1945, jijini Stockholm, Alexander Fleming na wenzake wawili walikabidhiwa Tuzo ya Nobel kwa penisilini. Siku hiyohiyo Artturi Virtanen, mkemia kutoka Finland, alipokea ile ya kemia. Kazi yake kubwa? Kuhifadhi chakula cha ng'ombe.

Shida iliyomsumbua Virtanen mfugaji wa Dodoma anaijua vilevile, ila kule kinachomaliza malisho ni theluji, si kiangazi. Ukianika majani, mvua huyanyeshea na protini hupotea. Ukiyafukia mabichi, yatachacha upende usipende, na hapo ndipo bakteria wa aina mbili hugombania shimo. Wa kwanza hula sukari ya mmea na kutoa asidi ya laktiki, ileile inayogandisha mtindi. Wa pili ni klostridia, wanaoletwa na udongo. Wakishinda, malisho huwa uozo unaonuka, na vijimbegu vyao vikiingia kwenye maziwa huvimbisha jibini. Klostridia hawavumilii uchachu: pH ikishuka karibu na 4, kazi yao imekwisha. Virtanen hakuwa na subira ya kungoja bakteria wema. Aliyanyunyizia majani asidi za haidrokloriki na salfuriki zilizozimuliwa kwa maji, uchachu ukapatikana papo hapo.

Siku mbili baada ya sherehe alitoa hotuba yake, na humo aliunganisha hifadhi ya malisho na jinsi mikunde inavyonasa naitrojeni ya hewani kupitia vinundu vya mizizi. Mambo hayo mawili kweli ni ndugu. Mikunde ndiyo yenye protini, na ndiyo hiyohiyo inayogoma kuchacha: sukari yake haba, na madini na protini zake huimeza asidi kila inapotoka. Mahindi hayahitaji kubembelezwa, sukari ni tele, lakini protini yake ni kama asilimia 8 tu ya uzito mkavu, wakati mikunde mingi hufika 15 hadi 20. Changanya viwili hivyo, na asidi aliyoitoa Virtanen kwenye chupa itatokana na bua lenyewe. Kwa maoni yangu huu ndio uzuri wa sileji, yaani malisho yaliyochachushwa, ya mchanganyiko: anayekosa pesa ya kemikali anaweza kuipanda shambani.

Wasweden nao huchanganya. Nyasi hupandwa pamoja na klova nyekundu, na wapo wanaovuna shayiri na njegere pamoja, mmea mzima, kabla punje hazijakauka, kisha wakafunga marobota kwa plastiki. Sheria yao inataka ng'ombe wa maziwa watoke malishoni majira ya joto. Baridi ikiingia, wanarudi bandani kula kilichohifadhiwa.

Kwetu ni mahindi au mtama, pamoja na fiwi au kunde. Mahindi yakatwe punje zikiwa zimepita hatua ya kuchoma lakini bado laini kwa ukucha. Katakata vipande vya sentimita mbili hivi, kisha bana konzi moja kwa nguvu na ufungue kiganja. Maji yakichuruzika, malisho yanyaushwe kwanza. Donge likitawanyika mara moja, umechelewa. Likifunguka polepole, shindilia. Hapo kwenye kushindilia ndipo wengi wanapoharibu, maana hewa iliyobaki ndani hulisha kuvu na kuunguza sukari ambayo bakteria wanaihitaji. Mikunde ikizidi sana, molasi kidogo husaidia. Funika kwa nailoni, weka udongo au matairi juu yake, usiguse kwa wiki nne hadi sita.

Sileji nzuri ina rangi ya kijani iliyofifia au kahawia hafifu, na harufu ya uchachu usiokera. Yenye kuvu mwaga, hata kama roho inauma. Nzuri nayo mpe ng'ombe baada ya kukamua, si kabla, kwa sababu harufu yake hupenya kwenye maziwa, na mteja wa asubuhi ataitambua.