Hisa za Viwanda Viwili vya Saruji

Wasikilizaji wangu, wengi wenu huweka akiba katika ng'ombe, au katika shamba, au hata chini ya godoro. Leo nataka kuwaelezeni akiba ya namna nyingine, nayo ni hisa. Mtu anunuaye hisa haikopeshi kampuni fedha, bali huwa mmoja wa wenyewe. Kampuni ikipata faida, huenda akapewa fungu lake, liitwalo gawio. Ikipata hasara, hana wa kumdai.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Kampuni mbili za saruji ziliingia humo: ile ya Tanga, ambayo kiwanda chake kiko Pongwe na saruji yake huitwa Simba, mwaka 2002, na ile ya Twiga, ya Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 2006. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966, na cha Tanga mwaka 1980. Kazi yao ni moja: mawe ya chokaa huchomwa katika tanuru kubwa hata yakawa klinka, nayo husagwa kuwa unga. Je, ikiwa kazi ni moja, hisa nazo ni sawa? La, hasha.

Jambo la kwanza la kutazama ni deni. Kampuni ya Tanga ilijenga tanuru la pili, lililoanza kazi mwaka 2016, ili isihitaji kununua klinka kwa wengine. Shauri hilo halikuwa la kipumbavu. Lakini fedha nyingi zilikuwa za mkopo, na karibu wakati ule ule kiwanda kipya cha Dangote kilifunguliwa Mtwara, ushindani ukawa mkali. Riba haingoji biashara ipate nafuu. Kampuni ikaingia katika hasara, na wenye hisa wakakaa miaka bila gawio. Twiga, iliyokuwa na deni dogo, iliendelea kugawa faida. Wazee walisema kweli: kukopa harusi, kulipa matanga.

Jambo la pili ni bei. Msidhani hisa ya bei ndogo ndiyo rahisi. Kampuni ya Twiga imegawanywa katika hisa karibu milioni 180, na ya Tanga mwaka 2023 ilikuwa na karibu milioni 64. Kipande cha muhogo hakikuambii ukubwa wa muhogo wenyewe. Fanyeni hesabu hivi, kwa mfano tu: hisa ya shilingi 2,000 itoayo gawio la shilingi 100 hukupa 5 kwa kila 100, hisa ya shilingi 4,000 itoayo 300 hukupa 7 na nusu. Hapo ile ya bei kubwa ndiyo iliyo rahisi, maadamu faida yake itadumu.

Jambo la tatu ni mwenye kushika usukani. Mwaka 2021 kampuni ya Scancem, ya jamaa wale wale wenye sehemu kubwa ya Twiga, ilitangaza nia ya kununua hisa 68 na zaidi katika kila 100 za Tanga. Shauri likafika kwa waamuzi wa ushindani wa biashara, likazuiwa mwaka 2022, kisha likakamilika mwaka 2023. Na mwaka 2024 sehemu hiyo ikauzwa kwa Amsons. Mwenye hisa kumi hawezi kuzuia mambo kama hayo. Ni abiria katika chombo, si nahodha.

Basi, kabla ya kununua, someni hesabu za kampuni za miaka kadhaa, si za mwaka mmoja. Ulizeni: inadaiwa kiasi gani? Faida yake ni ya kudumu? Nani mkubwa wake? Wala msitie humo karo ya mtoto au fedha za mbegu, kwani bei ya hisa yaweza kushuka siku ile ile mnayoihitaji. Mali bila daftari hupotea bila habari.